Maktaba ya Mlimani na Wanafunzi Walioandika Vita vya Majimaji



Kamati ya jarida letu imeniomba niandike juu ya jambo lolote katika kazi yangu ambalo laweza kuwafaa wasomaji wa toleo hili la mkutano wetu. Kwa kuwa nimefundisha historia muda mrefu, hapana shaka wengi mlitazamia niandike juu ya machifu, wakoloni au vyama vya siasa. Nimechagua kuandika juu ya maktaba. Nitaeleza jinsi maktaba ya chuo kikuu ilivyomsaidia mhadhiri mpya asiyejua kazi kuwaongoza wanafunzi wake katika utafiti, na jinsi mhadhiri huyo, ambaye ni mimi, alivyopata msaada huo wote na bado akakosea. Waliosoma nami wananifahamu kuwa sikuwa mtu wa kukiri makosa. Nadhani umri umefika.

Wazee wenzangu mtakumbuka kabati la vitabu lililokaa nyuma ya darasa la Kidato cha Tatu. Ufunguo ulikuwa kwa kiranja, na kiranja alikuwa na marafiki zake. Kitabu cha historia tulichokipigania kilieleza safari za Vasco da Gama, kikaeleza Livingstone na Stanley, kikaeleza Wajerumani walivyokuja na Waingereza walivyowafuata. Vita vya Majimaji vilipewa aya moja. Tuliambiwa kwamba waganga waliwadanganya watu wajinga kuwa risasi zitageuka maji, watu wakaasi, wakapigwa, mambo yakaisha. Baadhi yetu tulitoka katika nyumba ambazo babu au bibi alivipitia vita hivyo. Hata hivyo hakuna aliyenyanyua mkono kusema kwamba nyumbani kwao husimuliwa habari nyingine. Mtihani ulitoka katika kitabu, nasi tulitaka kufaulu mtihani.

CHUO KILICHOANZA BILA VITABU VYA HISTORIA YAKE

Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi hawakufika 15. Kiliambatana na Chuo Kikuu cha London, na shahada zilikuwa za London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Mwaka 1964 kikahamia kwenye kilima nje ya mji, mahali ambapo tangu hapo watu wote wanapaita Mlimani. Tarehe 1 Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachojitegemea.

Idara ya Historia ilipoanza, profesa wake wa kwanza alikuwa Terence Ranger, Mwingereza aliyekuwa amefukuzwa na serikali ya walowezi wa Rhodesia. Baadaye wakaja vijana wengine: John Iliffe, ambaye alikuwa bado hajafika miaka 30, Isaria Kimambo, aliyeandika historia ya siasa ya Wapare iliyochapwa mwaka 1969, Walter Rodney kutoka Guyana, na kijana mwingine Mtanzania, Gilbert Gwassa. Watu hawa walikuwa na shida moja ambayo mwalimu wa hesabu hawezi kuijua. Walitakiwa kufundisha historia ya nchi ambayo historia yake ilikuwa haijaandikwa na wenyewe. Nyaraka za serikali ya Kijerumani zilikuwa kwa Kijerumani, nyingine Dar es Salaam na nyingine Potsdam, Ujerumani ya Mashariki ya wakati huo. Taarifa za Waingereza zilikuwa na maoni ya Waingereza. Kitabu kikubwa juu ya Majimaji kilikuwa kile alichoandika Gavana von Götzen mwenyewe, yaani mtu aliyevizima vita hivyo, kilichotolewa Berlin mwaka 1909.

Mhadhiri mpya akiwa katika hali hiyo anaweza kufanya mambo mawili. Anaweza kusoma kilichopo na kukirudia mbele ya wanafunzi, au anaweza kuwafanya wanafunzi wenyewe kuwa watafutaji. Mlimani walichagua la pili, na ndipo maktaba ilipokuwa muhimu kuliko ukumbi wa mihadhara.

Niseme kidogo juu ya maktaba yenyewe, kwa faida ya vijana. Ilikuwa na vitabu vya kawaida vya masomo yote, lakini moyo wake ulikuwa sehemu ya Afrika Mashariki, ile tuliyoiita East Africana. Humo viliwekwa vitabu vyote vilivyohusu nchi zetu: ripoti za serikali, magazeti ya zamani, jarida la Tanganyika Notes and Records lililoanza mwaka 1936, tasnifu, na karatasi zilizopigwa taipu na kurudufiwa ambazo hazikuwahi kuwa vitabu. Kwa mujibu wa sheria maktaba hiyo hupokea nakala ya kila kitabu kinachochapishwa nchini. Vitabu vya sehemu hiyo haviazimwi. Unajaza karatasi, unaletewa, unasoma pale pale, unarudisha. Nilipokuwa mwanafunzi niliona utaratibu huo ni usumbufu. Nilipokuwa mhadhiri nilielewa kwamba kitabu kisichotoka ndicho utakachokikuta kesho.

WANAFUNZI WAPELEKWA KWA WAZEE

Mwaka 1968 Idara ya Historia ilifanya jambo ambalo mpaka leo linatajwa duniani kote wanapokutana wanahistoria wa Afrika. Wanafunzi wa shahada ya kwanza walipelekwa katika maeneo yaliyopigana vita vya Majimaji, wakakae na wazee, wawaulize, waandike. Mradi huo ulijulikana kama Mradi wa Utafiti wa Majimaji, na Iliffe na Gwassa ndio waliokuwa nguzo zake.

Hebu tufanye hesabu ndogo, tuone sababu ya haraka ile. Vita vilianza mwisho wa Julai 1905. Mtu aliyekuwa na miaka 15 wakati huo, mwaka 1968 alikuwa na miaka 78. Aliyekuwa mpiganaji wa miaka 25 alikuwa na miaka 88, kama bado yupo. Miaka kumi zaidi na wengi wao wangekuwa wamezikwa. Nyaraka za Potsdam zingeweza kusubiri; wazee wasingeweza.

Kwa nini wanafunzi, wala si maprofesa? Sababu ni nyepesi. Profesa mgeni alijua Kijerumani lakini hakujua Kimatumbi, Kingindo wala Kingoni. Mwanafunzi anayetoka sehemu hizo alijua lugha, alijua kukaa na wazee, alijua lini unauliza na lini unanyamaza. Na mzee akimwona anajua ni mtoto wa nani.

Walichokileta ndicho kilichobadili aya ile moja ya kitabu chetu. Wajerumani waliandika juu ya "maasi" na waganga wachochezi. Wazee walieleza kwanza pamba. Walieleza mashamba ya pamba ya lazima yaliyoanzishwa kuanzia mwaka 1902, ambayo kila mtu mzima alitakiwa kuyafanyia kazi siku 28 kwa mwaka chini ya jumbe au akida, huku shamba lake mwenyewe likiota majani. Malipo yalikuwa madogo mno hata wengine wakakataa kuyapokea. Wakaeleza viboko, kodi, na jeuri ya maakida. Wakamweleza Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye watu walisema alichukuliwa na pepo Hongo akaingia katika kidimbwi, akatoka na maneno mapya na dawa ya maji. Wakaeleza njwiywila, yaani habari iliyonong'onwa kutoka mtu hata mtu, kijiji hata kijiji, mpaka watu wa makabila yaliyokuwa hayana mfalme mmoja wakawa na neno moja. Hata majina ya watu wawili waliong'oa mipamba ya kwanza huko Nandete, katika milima ya Umatumbi, yakahifadhiwa: Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela. Nayasoma majina hayo mbele ya kila darasa ninalolifundisha. Tunayajua kwa sababu mzee aliyataja na kijana akayaandika.

Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita kuanza, lakini vita viliendelea bila yeye mpaka mwaka 1907. Huko Songea, tarehe 27 Februari 1906, viongozi wa Wangoni zaidi ya 60 walinyongwa kwa siku moja. Wajerumani walikisia waliokufa kuwa 75,000. Gwassa, baada ya utafiti wake, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Wengi wao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa njaa, kwa kuwa majeshi ya serikali yalichoma vijiji na maghala na kuzuia watu wasilime.

Kazi ya wanafunzi wale haikufungiwa kabatini. Gwassa na Iliffe walitoa kijitabu cha kumbukumbu za Majimaji kilichoweka maneno ya wazee na nyaraka za Wajerumani pamoja. Wanafunzi wawili, O. B. Mapunda na G. P. Mpangara, walitoa mwaka 1969 kitabu chao wenyewe juu ya vita hivyo katika Ungoni. Mwaka huo huo Ebrahim Hussein, aliyekuwa naye amesoma Mlimani, alitoa tamthilia yake Kinjeketile, ambayo wengi wenu mmeisoma shuleni. Gwassa alimaliza tasnifu yake ya udaktari mwaka 1973, nayo ikachapishwa kuwa kitabu mwaka 2005. Na Iliffe alipotoa historia yake kubwa ya Tanganyika mwaka 1979, tanbihi zake zilirejea tena na tena kwenye karatasi za wanafunzi wa mwaka wa 1968. Karatasi zenyewe zilikusanywa, zikapewa namba, zikawekwa katika East Africana.

MHADHIRI WA MIAKA 24

Mimi nilipanda Mlimani Julai 1971, baada ya Kidato cha Sita na Jeshi la Kujenga Taifa. Nilimaliza mwaka 1974, na idara ikaniajiri kuwa mhadhiri msaidizi. Nilikuwa na miaka 24, suruali mbili za kazini na chumba kimoja. Nilikuwa hodari wa kujibu mitihani. Kufundisha ni jambo jingine, na kumwongoza mtu mwingine katika utafiti ni jambo la tatu, ambalo hakuna aliyewahi kunifundisha.

Mwaka huo huo, Novemba, likatoka Azimio la Musoma. Vijana hawakuenda tena chuo kikuu moja kwa moja kutoka Kidato cha Sita. Ilikuwa lazima kwanza wafanye kazi na wapate kibali cha mahali pa kazi. Matokeo yake ni kwamba mwaka 1976, nilipopewa kundi langu la kwanza la wanafunzi tisa wa kuandika insha ndefu za utafiti, wengi wao walikuwa wakubwa kuliko mimi. Walikuwamo waliokuwa walimu, makarani na mabwana shamba. Waliniita "Ndugu Mhadhiri" kwa heshima kamili, nami nilikuwa natetemeka ndani ya shati.

Nilikwenda maktaba kujificha. Mkutubi wa zamu katika East Africana alikuwa mtu mzima ambaye sote tulimwita Mzee. Aliniona nikizungukazunguka mbele ya droo za kadi bila kuvuta hata moja.

"Ndugu Mhadhiri, una wanafunzi wangapi?"

"Tisa, Mzee."

"Wanakwenda kwa wazee wakati wa likizo?"

"Ndiyo."

"Basi kabla hawajaenda, waletee hapa asubuhi mbili. Na wewe uje nao. Usiwaachie mlangoni ukaenda kunywa chai."

Nikawaleta. Asubuhi ya kwanza aliwafundisha kadi: kwamba kitabu kimoja kina kadi ya mwandishi, kadi ya jina la kitabu na kadi ya somo, na mtu anayejua moja tu hupoteza saa nzima. Aliwapa kila mmoja kazi ya kutafuta yote yaliyokwisha kuandikwa juu ya wilaya yake, awe amekipenda au hakukipenda. Alisema ni aibu kumchosha mzee wa miaka 80 kwa kumwuliza tarehe ambayo imo katika ripoti iliyoko rafuni.

Asubuhi ya pili alituletea karatasi za 1968. Alitutaka tusiangalie kwanza habari za vita; tuangalie jinsi wenzetu walivyoandika. Nani alihojiwa. Kijiji gani. Siku gani. Kwa lugha gani, na nani aliyetafsiri. Nani wengine walikuwa wamekaa pale, maana mzee akizungukwa na wanawe husema hivi, na akiwa peke yake husema vile. Umri wake ulijulikanaje: je, vita vilipokuja alikuwa ametoka jandoni, au alikuwa bado anachunga mbuzi? Mpaka leo sijapata kuona somo la utafiti lililo bora kuliko lile, nami nimehudhuria mengi yenye vyeti.

Alipomaliza alinivuta kando. "Wakirudi, kila mmoja alete madaftari yake. Insha peke yake haitoshi. Insha ni kile ulichokubali wewe. Madaftari ndiyo yale aliyosikia yeye." Nikaahidi.

NGURUWE WALIOKATWA

Mmoja katika wale tisa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kutoka Uzaramo, upande wa Kisarawe. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa hayupo kunipa ruhusa. Alikuwa na miaka kama 32, mke na watoto, na mwandiko mzuri kuliko wetu sote.

Alirudi kutoka likizo na madaftari mawili. La kwanza lilikuwa na maneno ya wazee watatu wanaume, nalo lilikuwa vile nilivyotaka: pamba, akida, dawa, hongo aliyeleta maji, askari, kukimbilia porini. La pili lilikuwa limejaa maneno ya bibi kizee mmoja, wa ukoo wa mke wake, aliyekuwa msichana mdogo wakati wa vita. Bibi huyo alizungumza juu ya nguruwe mwitu. Alieleza jinsi wanaume walivyokuwa hawapo, wengine kwenye shamba la pamba, wengine wamekwenda kazi za mbali. Jinsi nyavu za kuwindia zilivyolala bila watu wa kuzivuta. Jinsi yeye na mama yake walivyolala kwenye dungu usiku kucha wakipiga kelele, na asubuhi wakakuta mihogo imefukuliwa. Nakumbuka kurasa na kurasa za nguruwe.

Nilizisoma mezani kwangu na kalamu nyekundu mkononi. Pembeni nikaandika neno moja: "Haihusu."

Mwalimu yule alikuja kuniona. "Ndugu Mhadhiri, kila nilipomwuliza bibi juu ya vita alinirudisha kwenye nguruwe. Nilidhani hanisikii vizuri. Nikarudi siku ya pili, ikawa vile vile. Kwa hiyo naona kuna kitu."

Nikamwambia kwamba wazee huchanganya mambo. Nikamwambia kwamba insha yake ni juu ya vita vya kupigania uhuru, si juu ya kilimo. Nikamwambia, na hili ndilo linaloniuma, kwamba bibi zetu hawakuwa katika mabaraza ya vita, kwa hiyo hawakujua yaliyosemwa.

Akasema, "Lakini alikuwapo. Mimi na wewe hatukuwapo."

Nikamkumbusha kwamba mwenye kutoa alama ni mimi. Sikuyasema maneno hayo hasa, lakini alielewa. Alikuwa mtu wa adabu. Akazikata kurasa za nguruwe, akabakiza za wazee watatu, nami nikampa alama nzuri. Nilijiona mwongozaji hodari.

Nilipopeleka madaftari kwa Mzee mkutubi, aliyahesabu. Yalipungua moja. Nikamweleza kwamba lile la pili ni habari za shamba tu.

"Leta na hilo la shamba," alisema. "Rafu inayo nafasi."

Sikulipeleka. Sikuwa na nia mbaya; nilisema kesho, na kesho nyingine. Mwalimu akahitimu, akarudi kazini na daftari lake.

YALIYOJULIKANA BAADAYE

Mwaka 1997 nilikuwa nimeketi katika maktaba hiyo hiyo, upande wa majarida, nikisoma toleo la jarida la historia ya Afrika linalotolewa Cambridge. Nikakuta makala ya mwanahistoria wa Kimarekani, Thaddeus Sunseri. Makala ilihusu chanzo cha vita vya Majimaji huko Uzaramo, na jina lake lilitaja njaa na nguruwe mwitu.

Mwandishi alieleza kwamba sera za Wajerumani zilivuruga nyumba za Wazaramo kabla ya vita. Wanaume walipochukuliwa kazini na uwindaji wa nyavu ulipofifia, nguruwe waliongezeka wakaharibu chakula, na mzigo wa kulinda mashamba na kulisha watoto ukawaangukia wanawake. Kwa hiyo vita vile haviwezi kuelezwa kwa wapiganaji na dawa peke yake. Vilianzia pia kwenye dungu, usiku, kwa mwanamke aliyekuwa akipigana na nguruwe peke yake. Katika makala nyingine ya mwaka 2000 aliongeza kwamba sisi wa Mlimani wa miaka ya 60 tuliviandika vita vile kana kwamba vilikuwa mwanzo wa TANU, tukayaacha yaliyopinga picha hiyo. Mwaka 2010 James Giblin na Jamie Monson walitoa kitabu cha waandishi mbalimbali kilichoendeleza maswali ya namna hiyo.

Nilifunga jarida lile nikatoka nje nikakaa chini ya mti. Mwalimu wangu wa Kisarawe alikuwa na ushahidi huo mkononi mwaka 1976, miaka 21 kabla, kutoka kinywani mwa mwanamke aliyelala kwenye dungu lenyewe. Na aliyeuondoa ni mimi.

Nilimtafuta. Nikaambiwa alikuwa amefariki miaka minane nyuma. Nilikwenda nyumbani kwake. Mjane wake alinipokea vizuri sana, akaniandalia chai, akatafuta sandukuni kwa subira. Daftari halikuwapo. Alikumbuka kwamba karatasi za zamani za mumewe watoto walizitumia kwa hesabu zao za shule.

Sitaki vijana mwelewe vibaya. Sisemi kwamba kazi ya 1968 ilikuwa bure. Taifa lilikuwa na miaka saba tu tangu uhuru. Mwalimu Nyerere mwenyewe, alipozungumza Umoja wa Mataifa mwaka 1956, aliwaeleza walimwengu kwamba babu zetu walipigana kwa sababu hawakukubali kwamba mgeni ana haki ya kuwatawala. Wanafunzi wale walikwenda kutafuta umoja, nao waliupata, maana ulikuwapo. Walakini mtu anayetafuta kitu kimoja huyapita mengine. Tena wanaowakosoa leo wanaweza kuwakosoa kwa sababu karatasi zipo, zina majina, zina vijiji, zina tarehe. Anayetaka kujua ni wanawake wangapi waliulizwa anaweza kufungua akahesabu. Maneno ya bibi wa Kisarawe hayawezi kusomwa upya na mtu yeyote.

KWENU VIJANA, NA KWETU WAZEE

Mlimani leo pana maktaba mpya kubwa, iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa na Rais Magufuli mwaka 2018, yenye uwezo wa kuweka vitabu 800,000. Droo za kadi zimekuwa habari za kale. Ninyi mnaweza kupata kwa simu makala ambayo mimi niliisubiri kwa meli miezi mitatu. Nawaonea wivu, na nasema hivyo kwa furaha. Lakini yule bibi hayumo katika simu. Hakuwa ameandikwa popote ila katika daftari moja la kurasa 80.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwenu mtakaokuwa walimu na wahadhiri, na najua mpo. Siku mtakayopewa wanafunzi wa kuwaongoza, nendeni kwanza kwa mkutubi, tena nendeni nao, msiwaachie mlangoni. Na mwanafunzi akileta jambo ambalo halimo katika mpango wenu, msishike kalamu nyekundu siku hiyo. Laleni kwanza.

La pili ni kwa shule yetu. Maktaba yetu ya sasa ni nzuri kuliko kabati la Kidato cha Tatu, lakini haina rafu ya mambo yetu wenyewe. Naomba ianzishwe moja. Kila kijana anaporudi kutoka likizo alete kurasa chache alizoandika kutoka kwa mzee mmoja wa kwao, mwanamume au mwanamke, zenye jina, mahali, siku na lugha. Isikaguliwe kama inahusu au haihusu. Iwekwe.

Ili nisiwe mtu wa kusema tu, nimekwisha kumkabidhi mwalimu wa maktaba bahasha ya kwanza. Ndani yake nimeandika yote ninayoyakumbuka kutoka katika daftari lile la nguruwe, kurasa tatu na nusu. Juu yake nimeeleza, kama Mzee alivyotufundisha, kwamba bibi alimwambia mwalimu wake, mwalimu akaandika, mimi nikasoma mara moja mwaka 1976 na nikayakataa, na kwamba nimeyaandika tena nikiwa na zaidi ya miaka 70. Msomaji na ajue habari hizi zimepita mikono mingapi kabla ya kumfikia.

Nawatakia wote mkutano mwema. Tutaonana chini ya mwembe ule ule, kama haujakatwa.